Diski Tupu za PS2: Kabla ya Kulaumu Lenzi, Uliza Diski Imetengenezwa na Nani

 

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie kitu ambacho wengi hukidharau: diski tupu. Ndiyo, ile dividii ya kuchomea gemu za PlayStation 2. Najua kuna watakaocheka, eti mwaka huu nani bado anachoma diski? Mwenye kicheko hicho ateremke hapa Daraja Mbili siku ya soko, au apite Keroka, Ogembo, Kebirigo na Nyansiongo shule zikifungwa. Atakuta kibanda cha mabati, runinga ya zamani yenye mgongo, padi mbili zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na vijana kumi na wawili wanangoja zamu. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. FIFA 14 na PES 2014, zilizotoka 2013, ndizo zilizokuwa za mwisho za aina yake kwa mashine hiyo. Lakini huku kwetu mashine haifi kwa sababu kampuni imeacha kuitengeneza. Inakufa fundi akishindwa.

Na fundi akishindwa, neno lake ni lile lile: "Lenzi imekwisha."

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi mwisho wa makala: lenzi nyingi zinazotupwa hazijaisha. Kilichoisha ni subira yake ya kusoma diski mbovu. Tunanunua diski kwa kuangalia bei na jina lililoandikwa juu, na vyote viwili havituambii tunachohitaji kujua.

DISKI NI NINI HASA?

Tuanze na msingi, maana bila huo mengine yote ni uvumi.

Diski ya kiwandani, ile orijino, haichomwi. Inapigwa chapa kama sarafu. Data ni vishimo vidogo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, kisha plastiki ikapakwa madini ya kung'aa. Diski tupu ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna tabaka jembamba la rangi, na leza ya kuchomea inaipiga rangi hiyo joto mpaka inabadilika. Sehemu iliyochomwa hurudisha mwanga kidogo, isiyochomwa hurudisha mwingi. Mashine ikisoma, inadanganywa kwamba imeona vishimo.

Kwa hiyo ubora wa diski tupu ni ubora wa vitu vitatu: rangi, tabaka la kung'aa, na gundi. Gundi? Naam. Dividii ni vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na ushei kila kimoja, vimegandishwa pamoja, na data iko katikati. Gundi ikipakwa vibaya, hewa na unyevu huingia kutoka ukingoni. Sidii haiko hivyo: data yake iko juu kabisa, chini ya vanishi na maandishi. Ndiyo maana sidii ukiikwaruza upande wa juu umeiua moja kwa moja, ilhali watu wote wanachunga upande wa chini tu.

Sasa angalia ukubwa wa kazi yenyewe. Mistari ya data kwenye dividii imepishana kwa mikromita 0.74. Elfu moja na mia tatu na zaidi zinaingia ndani ya milimita moja! Lenzi inafuata mstari huo huku diski ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. PS2 husoma dividii kwa kasi ya 4x, yaani karibu megabaiti 5.5 kila sekunde. Hapo hakuna nafasi ya rangi iliyopakwa ovyo.

KWA NINI KOMPYUTA INASOMA NA PS2 INAKATAA?

Hili ndilo swali linalowatatiza watu. "Nimechoma, kompyuta imesoma vizuri, nimeweka kwa PS inazungushazunguka tu."

Jibu: diski zote zina makosa. Zote, hata orijino. Wahandisi waliounda dividii walijua hivyo, kwa hiyo kila kilobaiti 32 za data husindikizwa na hesabu za ziada za kurekebisha makosa. Kipimo kinachokubaliwa ni kwamba katika mafungu manane yanayofuatana, makosa ya daraja la kwanza yasizidi 280. Diski nzuri sana iko chini kabisa ya hapo, kwenye makumi au pungufu. Diski yenye 270 ni halali kwa karatasi, na kompyuta yako itaisoma, kwa sababu kompyuta ikikwama inapunguza kasi na kurudia tena na tena bila wewe kuona.

PS2 haina anasa hiyo. Gemu inataka sauti ya mtangazaji SASA, inataka uwanja SASA. Lenzi ina miaka kumi na mitano au ishirini, mwanga wake umefifia kidogo, mafuta ya reli yake yamekauka. Diski yenye makosa mengi inaifanya irudi nyuma, ijaribu tena, irudi tena. Ule mlio wa "krrr krrr" unaousikia ni mashine inayotafuta njia gizani.

Kisha mwenye kibanda anapeleka mashine kwa fundi. Fundi anafungua, anachukua bisibisi ndogo na kugeuza kile kiskurubu kinachoongeza umeme wa leza. Mashine inasoma! Watu wanashangilia! Lakini leza inayoendeshwa kwa umeme zaidi ya kipimo inazeeka haraka. Baada ya muda imekufa kweli, na sasa maneno ya fundi yametimia. Kwa maoni yangu, huku ni sawa na kumwongezea mgonjwa dozi bila kuuliza anaumwa nini. Kabla ya kugusa kile kiskurubu, weka diski orijino. Ikisomeka bila shida, tatizo si lenzi. Funga mashine, katafute diski nyingine.

JINA LA KOPO SI JINA LA MTENGENEZAJI

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kampuni nyingi ambazo jina lao liko juu ya diski hazina kiwanda cha diski. Zinanunua kutoka kwa watengenezaji wachache, wengi wao Taiwani, kisha zinapiga chapa yao. Kopo mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na diski za viwanda viwili tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia "nunua jina fulani, hilo ndilo zuri", anakwambia habari ya kopo alilonunua yeye. Kopo lako huenda ni jingine.

Habari njema ni kwamba diski yenyewe haifichi. Kiwandani, kabla hujachoma chochote, diski tupu huandikwa msimbo wa mtengenezaji. Mashine ya kuchomea inausoma ili ijue rangi hii ichomwe vipi, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Na wewe unaweza kuusoma pia. Kwenye Windows, fungua programu ya bure ya ImgBurn, weka diski tupu, angalia upande wa kulia. Kwenye Linux, andika amri dvd+rw-mediainfo na jina la kiendeshi chako. Utaona mambo kama haya:

- TYG02 au TYG03: Taiyo Yuden wa Japani, ambao ndio waliovumbua sidii ya kuchoma mwaka 1988. Hizi zilikuwa dhahabu. Kampuni iliacha biashara hiyo mwishoni mwa 2015. Ukizikuta leo ni za akiba ya zamani, au ni ghushi.
- MCC 03RG20 au MCC 004: teknolojia ya Mitsubishi Chemical, inayouzwa kwa jina la Verbatim. Ya kwanza ni DVD-R, ya pili DVD+R. Kwa gemu nazipenda sana.
- RITEKF1: Ritek wa Taiwani. Hutofautiana kopo kwa kopo, pima kwanza.
- CMC MAG: CMC Magnetics, pia wa Taiwani. Ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Si mbaya zote wala si nzuri zote.

Angalizo: mwaka 2019 Mitsubishi Chemical ilitangaza kuiuzia CMC Magnetics biashara yake ya Verbatim. Kwa hiyo hata jina la kifahari usiliamini kwa macho mawili yaliyofumbwa. Angalia msimbo.

Na angalizo la pili: msimbo nao huweza kuibwa. Misimbo ya Taiyo Yuden iliwahi kunakiliwa na viwanda vya ghushi kwa sababu kila mtu alikuwa akiisaka. Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, lakini sheria haisimami nawe dukani ukiwa na shilingi mia mbili mkononi. Macho yako ndiyo yanayosimama. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, na diski zote hung'aa!

NAMNA YA KUNUNUA HUKU KWETU

Diski huteremka bandarini Mombasa, hupanda Nairobi, halafu huja Kisii kwa lori au basi. Safari ndefu, yenye joto la kontena na jua. Kisha inafika kwetu milimani, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali hunyesha inapojisikia. Diski iliyokaa miezi kwenye kioo cha duka, jua la asubuhi linaipiga na unyevu wa jioni unaiingia, imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Fanya hivi:

1. Usinunue kopo zima mara ya kwanza. Nunua diski tano kutoka kwenye kopo lililofunguliwa mbele yako. Nenda nyumbani ukapime. Zikiwa nzuri, rudi SIKU HIYO HIYO ununue kopo lenyewe na wenzake wa katoni moja. Juma lijalo kutakuwa na katoni nyingine, na huenda ni kiwanda kingine.

2. Usinunue diski moja moja zilizolegea kwenye karatasi ya nailoni. Hujui zilitoka kopo gani, na mchanga uliomo humo ni msasa.

3. Iinue kwenye mwanga. Rangi iwe sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, bila mawingu, madoa wala mapovu. Pitisha kucha ukingoni: isiwe na gundi iliyochuruzika wala ufa.

4. Chagua DVD-R kwa PS2. DVD+R nayo inafaa, lakini kabla ya kuchoma mwambie ImgBurn aiandike kuwa ni DVD-ROM, kama mashine yako ya kuchomea inaruhusu, maana PS2 za zamani huikataa vinginevyo.

5. Usitumie RW, zile za kufutika. Diski ya kawaida hurudisha mwanga asilimia 45 hadi 85. RW hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Unaipa lenzi ya kizee kazi ya kusoma gazeti kwa mwanga wa kibatari.

6. Gemu zile ambazo orijino yake ni ya samawati upande wa chini ni za sidii. Hizo zichome kwenye CD-R, usizilazimishe kwenye dividii.

7. Gemu kubwa kama God of War II ya 2007 zilitoka kwa diski ya matabaka mawili. Diski tupu za matabaka mawili ni ghali, na nazo hurudisha mwanga kidogo kama RW. Kwa hizo nina ushauri mwingine, usome hadi chini.

UCHOME KWA KASI GANI?

Kuna imani iliyoenea kama injili: "choma polepole kabisa, 1x au 2x." Ilikuwa kweli zamani kidogo. Leo si kweli.

Diski iliyoandikwa 16x imetengenezwa kwa rangi inayotaka joto la ghafla. Ukiichoma kwa 1x (kama mashine yako bado inakubali) leza inakaa juu ya doa moja muda mrefu, rangi inachomeka kupita mipaka, na makosa yanaongezeka. Ukiichoma kwa 16x, kule ukingoni diski inayumba na leza inakosa shabaha. Njia ya katikati ndiyo bora: 4x au 8x. Dividii iliyojaa kwa 4x inachukua kama dakika 14. Kwa 8x ni karibu nusu yake. Choma moja kwa kila kasi, zipime, kisha ushike ile iliyotoka safi. Hakuna kasi takatifu, kuna kasi inayopatana na diski yako na mashine yako.

Mambo mengine yanayoua uchomaji:

Stima. Ikipotea katikati, diski hiyo ni ya kutishia ndege shambani. Ile kinga ya bafa inayotajwa kwenye kopo la kiendeshi husaidia kompyuta ikichelewa kuleta data. Haisaidii kukiwa giza. Choma kwa laptopu yenye betri nzima, au kompyuta iliyo kwenye kifaa cha akiba ya umeme. Wingu jeusi likionekana upande wa Manga, ngoja.

Kiendeshi. Kiendeshi kikubwa cha kompyuta ya mezani kwa kawaida huchoma vizuri kuliko kile chembamba cha laptopu. Kompyuta kuukuu za ofisi bado zinapatikana. Toa kiendeshi chake ukitunze.

Faili. Usichome huku unapakua, unasikiliza muziki na kunakili sinema kwa flashi. Iache ifanye kazi moja.

Stika. Usibandike karatasi juu ya dividii. Haikai sawa, diski inayumba, lenzi inafukuza mstari kama mtu anayekimbiza kuku. Andika kwa kalamu ya wino usio mkali.

KUPIMA BILA KUKISIA

Ukimaliza, mruhusu ImgBurn athibitishe. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuipima kasi ya kusomeka kwa programu kama Nero DiscSpeed. Mchoro utakaopata uwe mstari unaopanda taratibu kama barabara ya lami. Ukishuka ghafla kama mashimo ya barabara ya mashambani, hapo ndipo PS2 itakwama.

Mara nyingi mashimo hayo yako mwishoni. Data huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko rangi hupakwa vibaya na gundi hufeli. Hii inakupa siri muhimu: diski ya wastani yaweza kufaa gemu ya gigabaiti moja na nusu, ambayo haifiki ukingoni, lakini ikashindwa na gemu ya gigabaiti nne. Kwa hiyo ukipima kopo jipya, lipime kwa kuijaza diski hadi mwisho. Diski zilizo bora ziweke kwa gemu kubwa. Zile za wastani zipe gemu ndogo. Hakuna kinachotupwa.

"LAKINI NZURI NI GHALI!"

Najua. Tufanye hesabu basi, kwa mfano tu. Tuseme diski ya ovyo ni shilingi 30 na nzuri ni 60. Umenunua kumi za ovyo kwa 300. Nne zikaharibika. Zilizobaki sita zimekugharimu shilingi 50 kila moja. Bado umeokoa kumi, sivyo?

Subiri. Zile nne zilikula karibu saa nzima ya kuchoma. Mbili kati ya zile sita zitakataa baada ya mvua za masika. Mteja aliyelipia mechi ikakwama dakika ya themanini atadai arudishiwe pesa, na ana haki. Akichukia atavuka barabara aende kibanda kingine na marafiki wanne. Kisha lenzi, ambayo sasa haitengenezwi tena na Sony, inachoka mapema. Cha rahisi kimekuwa ghali. Mwenye kibanda anayelipa karo kwa zile shilingi kumi kumi hawezi kumudu diski ya shilingi 30. Ni wale matajiri tu wanaoweza!

Nami nasema hili kwa wauzaji pia: muuzaji anayejua msimbo wa kopo lake na kumwambia mteja ukweli atauza zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

SHERIA NAYO

Siwezi kupita hapa kimya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mwenye programu halali kutengeneza nakala ya akiba. Ukiwa na diski orijino, busara ni kuiweka kabatini na kuchezea nakala. Kuchoma nakala hamsini za gemu ya mtu na kuziuza sokoni ni kosa, na mimi kama mtu anayekula kwa kuandika programu sitakusaidia kulitetea. Orijino za mitumba za PS2 bado zipo, na nyingi zinauzwa kwa bei ya chai na mandazi kwa sababu wenye nazo wanadhani hazina kazi. Zinunue. Zitoe faili ya ISO ukiwa bado unaweza kuzisoma, ihifadhi mahali pawili, ndipo uchome. Na faili ya ISO iliyotokana na orijino yako ni safi kuliko nakala ya nakala ya nakala iliyopita mikono saba.

DISKI BORA NI ILE MOJA

Sasa ule ushauri niliouahidi.

Diski tupu nzuri zinaisha duniani. Taiyo Yuden wameondoka. Sony nao walifunga utengenezaji wa diski za kuchoma za Blu-ray Februari 2025. Kila mwaka viwanda vinapungua, na vinavyobaki vinabana gharama. Tusijenge biashara juu ya kitu kinachokauka kama mto wakati wa kiangazi.

Kuna njia. Tangu 2008 ipo Free McBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi na kuifanya PS2 iwashe programu nyingine bila kutiwa chipu. Baadhi ya PS2 nyembamba za mwisho huikataa, lakini mwaka 2020 ikatoka FreeDVDBoot: unachoma dividii MOJA, unaiweka, mashine inadhani ni sinema, na mlango unafunguka. Kutoka hapo unawasha Open PS2 Loader, nayo inasoma gemu kutoka kwa flashi, diski kuu au mtandao.

Flashi ni rahisi lakini mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha kwanza, megabiti 12 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya thuluthi ya kasi ya dividii, kwa hiyo video za gemu zitakwamakwama. Mtandao ni bora zaidi. PS2 nyembamba ina tundu la waya wa mtandao nyuma yake, ambalo wengi hawajawahi kulichomeka kitu. Chukua kompyuta moja kuukuu, kigawanyio cha mtandao cha bei nafuu na nyaya tano. Umepata kibanda cha mashine nne zinazosoma gemu kutoka mahali pamoja, hata zile za matabaka mawili, na lenzi zote zimepumzika! Intaneti haihitajiki kabisa. Tena usiiunganishe, maana njia ya kugawana faili inayotumika ni ya zamani na ina matundu ya usalama. Na si kila gemu itakubali, chache hugoma. Lakini nyingi zitacheza.

Umeona tulikofika? Mwisho wa hesabu unahitaji diski moja tu ya kufungulia mlango, pengine na ya akiba mbili. Basi hizo tatu zisiwe za shilingi 30. Zichague kwa msimbo, zichome kwa utulivu, zipime hadi ukingoni, zihifadhi wima kwenye kasha mbali na jua na unyevu.

Na jambo la mwisho, kwa kijana anayesoma hapa akiwa kidato cha tatu Nyamira au mwaka wa kwanza chuoni Kisii. Mashine hiyo unayoichezea Shabana ya kubuni ina prosesa ya megahezi 294 na memori ya megabaiti 32. Ipo PS2SDK, bure, ambayo kwayo unaweza kuiandikia programu zako mwenyewe kwa lugha ya C. Chuoni nilifundishwa memori kwa michoro ubaoni. Mashine yenye megabaiti 32 itakufundisha kwa kukunyima. Siku utakapochoma diski ambayo gemu yake umeiandika wewe, hutauliza tena kama diski nzuri ni ghali.

Haya, kazi kwenu. Mwenye kopo nyumbani alisome msimbo leo, kabla stima haijapotea. Tukutane makala ijayo.